Shajara ya mradi: modeli ya stesheni ndogo ya Reli ya Kati kwa skeli 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87), Tabora

Agosti, wiki ya kwanza: vipimo kabla ya msumeno

Stesheni hii hainakili stesheni yoyote iliyopo. Ni ya kupishania treni, ya aina inayokutwa mara kwa mara kati ya Tabora na Kigoma: njia kuu, njia ya pili ya kupishana, njia fupi ya ghala, jengo moja la bati, miembe kadhaa, halafu pori. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na sehemu kubwa ya kipande hicho ni miyombo na nyasi. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulihusu nafasi tupu. Kati ya mita 3.6 zitakazoonekana, mita 1.5 hazitakuwa na kitu zaidi ya reli, nyasi na miti. Ukijaza nyumba kila sentimita unapata mji, na treni ya Kigoma haipiti mjini muda wote.

Meza ni nne, kila moja sentimita 120 kwa 50. Tatu ni za mandhari, ya nne ni ya kujificha nyuma ya ubao, mahali treni zinapangwa upya kabla ya kurudi.

Upana wa reli unahitaji maelezo, maana hapa ndipo wengi huanza vibaya. Reli ya zamani ina milimita 1,000 kati ya reli na reli. Gawanya kwa 87, unapata 11.5. Reli za kununua za H0m (H0 ni jina la skeli ya 1:87, m ni reli ya upana wa mita moja) zina milimita 12. Nusu milimita iliyozidi ni sawa na sentimita 4 na kidogo katika hali halisi, na jicho haliioni. Jicho linachokiona ni pale mtu anapotumia reli ya kawaida ya H0, milimita 16.5, kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi. Zidisha 16.5 kwa 87: ni milimita 1,435, yaani upana wa SGR, reli mpya ya kisasa. Behewa la reli ya zamani likikaa juu yake linaonekana limetanua miguu. Anayetaka kuonyesha reli zote mbili kwenye meza moja ana bahati, kwa sababu 12 na 16.5 zinatoa tofauti ya kweli bila kubuni chochote.

Njia ya kupishana ina urefu wa kutumika wa mita 1.5, sawa na mita 130 halisi. Ni fupi kuliko ya kweli, lakini inabeba kichwa kimoja cha dizeli cha sentimita 18 na mabehewa tisa ya sentimita 13, na bado sentimita 15 zinabaki kabla ya kugusa pointi, pale njia inapogawanyika. Kona kali kuliko zote ina nusu kipenyo cha sentimita 60.

Agosti, wiki ya tatu: fremu

Mninga. Tabora unapatikana kwa mafundi samani kama vipande vilivyobaki, na kwa kazi hii vipande vya sentimita 60 vinatosha. Sababu ya kuutaka si uzuri. Mninga hausinyai wala kuvimba sana unyevu unapobadilika, na ukishakauka hukaa ulivyo. Fremu ni mbao za milimita 20 kwa 70, zimeunganishwa kwa gundi ya mbao na skrubu mbili kila kona. Toboa kwanza tundu la milimita 3 kabla ya skrubu, la sivyo ncha ya ubao itapasuka.

Juu ya fremu imekaa plaiwudi ya milimita 9. Ukiwa na ya milimita 6 ongeza mbao za kukatisha kila sentimita 30, maana bila hizo inabonyea katikati na treni inapanda na kushuka kilima ambacho hukukichora.

Mninga uliopatikana haukutosha. Mbao za mwisho, zile zinazokutanisha meza ya pili na ya tatu, upande mmoja zilikuwa mninga na upande wa pili paina. Tunaliandika hapa kwa sababu litarudi.

Miguu imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, kina cha sentimita 2. Mchwa hapandi. Kopo lisiguse ukuta na waya usining'inie hadi sakafuni, kwa kuwa njia moja tu inamtosha.

Septemba: njia

Reli inayokunjika ya kampuni ya Peco inakuja kwa vipande vya milimita 914. Zimetumika sita, na pointi tatu. Chini yake kuna tabaka la koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa) la milimita 3, limebandikwa kwa gundi nyeupe, likasuguliwa kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka. Usiruke hatua ya msasa. Donge moja la gundi kavu chini ya koki ndilo litakaloangusha behewa miezi mitatu baadaye, na kokoto zikishamwagwa hutaliona tena.

Kila kiungo cha reli kimeachiwa nafasi ya nusu milimita. Reli ya nikeli-shaba hurefuka takriban milimita 0.017 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya joto. Meza ya mita 1.2 kwenye chumba cha bati kisicho na dari, ambako tofauti ya asubuhi na saa tisa mchana inafika nyuzi 15, hurefuka milimita 0.3. Ukikaza viungo vyote, hiyo 0.3 haina pa kwenda, na reli inapinda pembeni.

Kwenye kona usiweke kiungo katikati ya mpindo. Unganisha vipande viwili kwa risasi ya kuchomelea vikiwa vimenyooka mezani, kisha vipinde kama kipande kimoja. Kiungo kikiwekwa baada ya kupinda hufanya kiwiko, na magurudumu ya mbele ya bogi (kigari cha magurudumu chini ya behewa) hupanda juu ya reli hapo hapo.

Mataruma ya plastiki, vile vipande vinavyolala chini ya reli, yana mistari ya mbao, ilhali Reli ya Kati imetumia sana mataruma ya chuma, ambayo ncha zake zimepinda kuingia chini ya kokoto. Mistari imesuguliwa kwa msasa laini, kisha mataruma na ubavu wa reli vikapakwa kahawia iliyochanganywa na kijivu kidogo. Uso wa juu wa reli ufutwe kabla rangi haijakauka.

Septemba, mwishoni: umeme

Tunatumia DCC, mfumo ambao reli ina umeme muda wote na kila kichwa kinapokea amri zake. Kituo cha amri ni Arduino Mega, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye bodi ya mota ya L298, ikiendeshwa na programu ya DCC-EX. Mambo matatu ya kuangalia:

L298 inakula volti 2 hivi. Kwa volti 12 kwenye reli, lisha volti 14.

Chini ya bodi ya mota kuna kiunganishi kidogo cha shaba kinachopeleka umeme wa reli kwenye Arduino. Kikate kabla ya kuwasha. Kikibaki, Arduino inapewa volti 14 na kidhibiti chake kinachemka.

Vichwa vipya vinakuja vyote na anwani namba 3. Ukiwa na viwili, badilisha kimoja kwanza, kikiwa peke yake kwenye njia ya kupangia anwani, la sivyo vyote viwili vitaitikia amri moja.

Waya mkuu ni wa milimita za mraba 1.5, mwekundu na mweusi, umepita chini ya meza zote. Kutoka kwake kila kipande cha reli, hata kile cha sentimita 10, kina waya wake wa 0.5 uliochomewa kwa risasi ubavuni mwa reli. Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa 1.5 unapoteza takriban volti 0.23 ukibeba ampea 2. Hilo linavumilika. Kisichovumilika ni kutegemea vile viungio vya bati vya reli kupitisha umeme: vumbi la Tabora na kutu ya juu juu huviziba, na kichwa kinaanza kusinzia katikati ya njia.

Jaribio la mwisho: weka sarafu ya shilingi 500 ikigusa reli zote mbili, mbali kabisa na chanzo cha umeme. Kituo lazima kikate umeme mara moja. Kisipokata, kuna waya mwembamba au kiungo kilichochomewa vibaya, na siku behewa likianguka na kufunga reli mbili, joto litayeyusha mataruma. Rudia kila sentimita 50.

Pointi zinasukumwa na mota ndogo za servo SG90. Zipe volti 5 zake peke yake. Zikichukua umeme wa Arduino, servo ikikwama inashusha volti na mfumo mzima unajizima katikati ya safari.

Oktoba: mabehewa

Uzito. Behewa jepesi huyumba na kuanguka, na hakuna ustadi wa kutandika njia utakaoliokoa. NMRA, chama cha Marekani cha wapenda reli ndogo, kinapendekeza kwa reli nyembamba ya HOn3, iliyo karibu na yetu, gramu 21 za kuanzia, kisha gramu 10.6 kwa kila milimita 25.4 za urefu. Behewa la milimita 130 linatakiwa kuwa na gramu 76. Lililochongwa kwa plastiki tupu lilikuwa na gramu 31. Gramu 45 zilizobaki zimetoka kwenye vyuma vya kusawazisha magurudumu ya gari, vile vya kubandika, ambavyo mafundi matairi huvitoa na kuvitupa. Vibandike chini kabisa, katikati ya bogi mbili, kamwe si juu ya paa.

Novemba: mvua, na kiungo cha meza ya pili na ya tatu

Mvua zilipoanza, treni zikaanza kuanguka. Mahali ni pamoja tu: zinapovuka kutoka meza ya pili kwenda ya tatu. Kurudi hazianguki. Hiyo peke yake ni dalili nzuri. Treni ikianguka upande mmoja tu, kuna ngazi, na inapanda ngazi upande huo.

Fila ya mafundi magari, ile seti ya vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ilionyesha reli ya meza ya tatu imeinuka milimita 0.35 kuliko ya pili. Agosti zilikuwa sawa.

Chanzo ni ule ubao wa paina. Meza zinashikana kwa pini mbili za shaba zilizowekwa milimita 50 chini ya uso. Pini hazisogei. Mbao zilizo juu ya pini ndizo zinazovimba, na zinavimba kwa kukatisha nyuzi, ambako ubao wowote huvimba zaidi. Milimita 50 za paina, unyevu wa ubao ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 13, huongezeka takriban milimita 0.6. Mninga wa upande wa pili unaongezeka chini ya nusu ya hapo. Tofauti ndiyo ngazi yetu. Hesabu na fila zimekubaliana.

Kusugua reli kwa tupa ili zilingane kungeonekana kama suluhisho, ila lingedumu hadi Juni. Kiangazi paina ingesinyaa na ngazi ingegeuka upande wa pili. Kilichofanyika ni hiki:

Mbao zote mbili za mwisho zimetolewa, zikawekwa za plaiwudi ya milimita 18 iliyosimamishwa wima. Plaiwudi hukatishwa nyuzi tabaka kwa tabaka, kwa hiyo urefu na kimo chake havibadiliki sana. Unene ndio unaovimba, na unene hapa hauinui reli.

Pini zimehamishwa kutoka milimita 50 hadi milimita 15 chini ya uso. Kadiri pini inavyokaribia reli ndivyo ubao ulio juu yake unavyokuwa mfupi, na uvimbe wake unavyopungua. Hili lingefanyika tangu mwanzo, hata paina ingesamehewa kwa sehemu kubwa.

Kila uso umepakwa vanishi mara mbili, na kingo zilizokatwa mara tatu, kwa kuwa hapo ndipo unyevu unapoingilia. Upande wa chini pia. Plaiwudi iliyopakwa vanishi juu tu hujipinda kama ganda la chungwa.

Mwishoni, ncha za reli kwenye ukingo hazishikwi tena na taruma za plastiki. Zimechomewa kwa risasi juu ya vipande vya bodi ya saketi yenye shaba, upana milimita 5, vilivyogundishwa na kufungwa kwa skrubu. Shaba ya juu imekatwa katikati kwa tupa, na kipima umeme kikathibitisha hakuna njia ya umeme kati ya reli mbili. Unganisha meza kwanza, chomea reli nzima ikivuka kiungo, halafu ndipo uikate kwa msumeno mwembamba. Ukichomea ncha mbili kila moja kwa wakati wake hazitalingana hata ukiwa na mkono wa sonara.

Safari ishirini kila upande baada ya hapo, mvua ikiendelea: hakuna lililoanguka. Fila nyembamba kuliko zote, ya milimita 0.05, haipiti.

Desemba: udongo, kokoto, na sumaku

Udongo wa kweli unashinda rangi yoyote ya dukani. Umekusanywa mwekundu wa barabarani, ukakaushwa, ukapita kwenye chekeche la unga, kisha kwenye chujio la chai. Ukaange kwenye kikaango kikavu kwa nusu saa ili mayai ya wadudu yafe. Halafu pitisha sumaku, tena na tena, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili iwe rahisi kuisafisha. Udongo wetu mwekundu una chuma, na baadhi ya chembe zake hunaswa na sumaku. Mota ya kichwa nayo ina sumaku. Chembe zikipanda na vumbi hadi ndani zinakwangua na kuuchosha msukumo, na kichwa kinakufa bila sababu ya kuonekana. Kwenye kilo moja ya udongo tumetoa chembe za kujaza kijiko kidogo.

Kokoto halisi za milimita 25 hadi 65 zinakuwa 0.3 hadi 0.75. Vumbi la mashine ya kusagia mawe, likichujwa, linatosha. Mwaga, panga kwa brashi laini, gonga reli taratibu chembe zishuke kutoka juu ya mataruma. Nyunyizia maji yenye spiriti kidogo mpaka zilowe kabisa, ndipo udondoshe gundi nyeupe kwa bomba la sindano la ml 5: gundi kipimo 1, maji 3, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Ukiacha kulowesha kwanza, tone la gundi linabingirika na kuacha shimo. Kabla ya kukaribia pointi weka tone la mafuta ya cherehani kwenye reli zinazosogea, na gundi iishie sentimita 3 kabla yake. Acha usiku mzima.

Januari: bati

Hii ndiyo sehemu iliyotufurahisha kuliko zote. Migongo ya bati la kawaida iko milimita 76 kutoka mmoja hadi mwingine. Ukigawanya kwa 87 ni milimita 0.87. Bolti ya M5 ina nyuzi za milimita 0.8. Chukua fimbo ya M5 yenye nyuzi urefu wote, weka trei ya aluminiamu ya kubebea chakula (iliyonyooshwa kwa kijiko) juu ya kipande cha mpira wa ndala, na ubingirishe fimbo kwa nguvu. Migongo inatoka safi.

Kuna mtego. Nyuzi za bolti zinapanda kwa mzunguko, kwa hiyo migongo haiendi sawasawa na mwelekeo wa mkono. Inakwenda mshazari wa takriban digrii 3. Usikate bati kwa kufuata ukingo wa trei, kata kwa kufuata mgongo wenyewe. Na usiinue fimbo ukarudia, kwa sababu migongo mipya itakatiza ya zamani. Rudi nyuma na mbele bila kuinua, mara tatu.

Bati la futi 10 ni milimita 35, upana milimita 9. Jengo la stesheni lenye mita 12 kwa 6 limekula mabati 38 pamoja na varanda. Bandika kuanzia chini kwenda juu, moja likipanda jirani yake kwa mgongo mmoja. Kutu ni rangi ya kahawia-chungwa iliyokaushwa kwa brashi karibu yote, ikiburutwa kutoka juu kwenda chini tu, kama maji yanavyoshuka. Mabati mawili yameachwa yaking'aa. Paa la kweli huwa limetengenezwa mahali fulani.

Februari: miti na watu

Tumechagua mwisho wa kiangazi, Septemba kuelekea Oktoba, wakati nyasi ni za manjano na miyombo inatoa majani mapya yenye wekundu wa shaba kabla mvua haijanyesha. Shina ni nyuzi za waya wa shaba zilizosokotwa, 24 chini, zikigawanywa hadi mbili mbili juu. Majani ni sponji ya godoro iliyosagwa kwenye blenda na maji, ikakaushwa, ikatiwa rangi. Mwembe unataka dodoki: kata, viringisha, paka kijani kilichoiva. Mwembe wa mita 15 ni sentimita 17, na lazima uwe mzito na kivuli chake kiwe cheusi. Mwembe mwembamba si mwembe.

Juu ya miyombo miwili imening'inizwa mizinga ya nyuki ya magogo, vijiti vya milimita 5 vyenye urefu wa milimita 14, imelazwa mlalo. Bila mizinga hili lingekuwa pori la mahali popote.

Jukwaani kuna watu 22, milimita 18 hadi 20. Ndoo za lita 20 zimekatwa kutoka mrija wa wino wa kalamu, wenye kipenyo cha milimita 3 hivi, urefu milimita 4. Madumu ya njano ni vipande vya plastiki vya 4.4 kwa 3. Wauzaji wamesogezwa karibu na madirisha ya mabehewa ya daraja la tatu, kwa kuwa treni ikisimama biashara hufanyika dirishani.

Zinazofuata: taa za jengo, LED nyeupe moja moja na rezista ya kilo-omu 1 kwa volti 12, zitumie ampea 0.009 kila moja. Kalavati chini ya njia kuu kwenye meza ya kwanza. Na fila kwenye viungo vyote vitatu tena Julai, ubao ukishakauka.